Chungu Kimoja, Vyumba Sita

Watu wengi wa Morogoro tunaiona Dar es Salaam kuwa mahali pa kwenda kumaliza hela. Ukiaga kwamba unakwenda huko, jirani anakuuliza umejipanga vipi, na kabla hujajibu anakuhesabia: maji ya kununua, chakula cha kununua, hata choo cha kulipia. Mimi nina miaka ya kwenda na kurudi, na kila nikirudi nasema neno lilelile ambalo hakuna anayelikubali: katikati ya jiji lile, pale Kariakoo, wapo watu wanaokula vizuri, wanaovaa vizuri na kucheka sana kwa hela ambayo sisi wa mikoani tungedhani haitoshi hata chai ya asubuhi. Si kwamba vitu vya kwao ni rahisi. Bei za Kariakoo hupanda kama za kwingine. Ila huko sijamwona mtu anayebana matumizi peke yake.

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, kwa nauli ya shilingi 13,000 daraja la kawaida, na inafika kabla ya saa mbili kutimia. Ni usafiri mzuri, sina ugomvi nao, ila madirisha yake hayafunguki. Ile reli ya zamani, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907, treni zake zikisimama tu unanunua machungwa, mahindi ya kuchemsha na mayai kupitia dirishani. Siku hizi msafiri mwenye akili hufunga chakula chake nyumbani. Nilifunga viazi vitamu vya kuchemsha na karanga za kukaanga, nikamgawia dada aliyekaa pembeni yangu, naye akanikatia nusu ya chapati yake. Tulipopita Ruvu tulikuwa tumeshajuana hadi majina ya watoto.

Juu ya viazi hivyo nilikuwa na mzigo wa zawadi: ndizi mzuzu, mdalasini wa milima ya Uluguru na mchele wa Ifakara. Mgeni haendi mikono mitupu, hilo tunajua wote. Lakini nyumba ninayofikia mimi, zawadi ya namna hiyo haiendi kabatini. Inaingia chunguni siku hiyohiyo, na tangu hapo mgeni ana sauti katika mambo ya chungu.

Kutoka stesheni hadi Gerezani ni pua na mdomo, nikatembea. Mafundi bati wa Gerezani utawasikia kabla ya kuwaona. Mapipa yaliyokuwa ya mafuta, mabati ya paa za zamani, vipande vya magari yaliyokufa, vyote vinapigwa nyundo hadi vinakuwa majiko ya mkaa, makarai, masanduku ya wanafunzi wa bweni, matanuri ya kuokea mikate. Hata vibatari vya makopo, ambavyo mama yangu alisomea enzi zake, bado vipo, ingawa anayevinunua siku hizi huenda anataka pambo la mgahawa. Nilikuwa nimedhamiria kumnunulia shoga yangu, mwenyeji wangu, jiko, maana la kwake lilikuwa limetoboka kitako.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, binti. Jiko la watu wangapi?”

“Wawili, mzee.”

Akaweka nyundo chini akacheka. “Dar hii? Chukua la kati. Hao wawili watakuwa watano kabla ugali haujaiva.”

Nikachukua la kati, akanipunguzia elfu mbili na kuniongezea koleo ya kushikia makaa. Sijui kama alikuwa anauza au anashauri. Kwa mafundi wazuri mambo hayo mawili huwezi kuyatenganisha.

Shoga yangu ni fundi cherehani. Tulisoma pamoja Morogoro, akaolewa Dar. Ndoa ikaisha, Dar ikabaki. Amepanga chumba kimoja katika nyumba ya zamani upande wa Mtaa wa Msimbazi, na ili uielewe nyumba hiyo inabidi kwanza uujue mji ulivyopangwa. Mitaa ya Kariakoo iliyonyooka na kukatana mraba kwa mraba ina mkono wa Wajerumani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, mahali hapo pakawa na kambi ya wapagazi wao wa vita, na baadaye wakaugawa mji kwa rangi za watu: Mzungu akae pwani kwenye upepo, Mhindi katikati kwenye maduka, Mwafrika Kariakoo, na uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja uachwe katikati uwe mpaka. Waliopanga hivyo waliangalia sana nani asimkaribie nani. Hawakujali hao wa Kariakoo wamebanana vipi. Waliobanana wakajenga nyumba za vyumba sita: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na nyuma ua wenye choo, bafu, bomba na nafasi ya kupikia. Kila chumba familia yake, na wote ua mmoja.

Ningeambiwa niwaonyeshe wageni sehemu moja tu ya Dar es Salaam, nisingewapeleka ufukweni. Ningewaketisha kwenye kigoda uani, saa kumi na moja alfajiri, wamtazame mama wa maandazi akiwasha moto. Yeye ndiye wa kwanza kuamka. Akimaliza kuchoma maandazi, makaa yake hayazimwi, yanarithiwa. Bibi mwenye nyumba anabandika chai. Chai ikishuka panapanda uji wa mtoto wa chumba cha nne, na uji ukishuka inapanda sufuria ya maji ya kuoga ya kijana wa bajaji. Mkaa ni wa mtu mmoja, na kazi ni nne. Malipo hayana daftari: bibi anamwekea mama wa maandazi ndoo ya maji siku bomba likikatika, kijana wa bajaji anambebea kiroba cha unga kutoka dukani, na mama mtoto, ambaye hana kitu, anamfagilia sehemu yake. Nimewahi kumwuliza mama wa maandazi kama haoni anapunjwa. Akaniangalia kwa huruma. “Makaa yakizima yanamsaidia nani?”

Asubuhi yangu ya kwanza tulikula kiporo. Wali wa jana uliobaki, umepashwa na kitunguu na chumvi kidogo, na chai ya rangi yenye tangawizi. Nimelala katika hoteli zinazopanga mezani aina kumi za vitafunwa, na sijaona kinachokishinda kiporo cha wali wa nazi. Tui limelala na punje usiku kucha, limeingia hadi ndani. Haya ni maoni yangu na siyabadilishi.

Kisha tukaenda sokoni. Jengo kuu la Soko la Kariakoo, lile lenye paa la miavuli mikubwa ya zege, lilibuniwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua, na wafanyabiashara wake wakatawanyika. Waliozoea kushuka Shimoni, ghorofa ya chini ya ardhi, kununua viungo na nafaka, bado wanapasimulia. Lakini hata miaka ile soko lilipokuwa zima, sehemu kubwa ya maisha ya soko ilikuwa nje, barabarani, ambako kila mtaa una ubingwa wake: huku vyombo, kule vitambaa, kona hii dagaa, kona ile mbegu na dawa za mimea. Shoga yangu anaujua mji huu kwa pua. Anakata kushoto akisema, “Hapa dagaa wa Kigoma,” kabla sijaona hata gunia.

Dagaa wa Kigoma ni ghali kwa sababu ni safi na hawana mchanga mwingi. Wa Mwanza ni wa bei ya chini, ila inabidi uwachambue na kuwaosha kwa maji ya moto. Dagaa mchele wa bahari nao wana utamu wao, hasa wakikaangwa wakauke na kukamuliwa ndimu. Sisi tulichukua wa Mwanza. Kuchambua dagaa ni kazi ya kuchosha ukiifanya peke yako. Uani, wanawake watatu na ungo mmoja, inaisha kabla hadithi haijafika katikati. Nadhani hadithi nyingi za nyumba ile zimebaki hai kwa sababu ya dagaa wa Mwanza.

Nyanya tulizifuata Soko la Ilala, ambako matenga hufika kutoka mikoani. Za juu ya tenga ni za maonyesho. Sisi tulikuwa na shida na zile zilizolalia chini zikaminywa safari nzima, ambazo muuzaji hana budi kuziuza siku hiyo. Zinaitwa masalo, na kuna watu huona haya kuzigusa. Shoga yangu huzichagua kwa utaratibu: iliyopasuka ngozi haina neno, iliyoota ukungu hapana, yenye maji yanayonuka hapana. Zikifika nyumbani hazilali. Zinaoshwa, zinakatwa, zinapikwa na vitunguu na mafuta kwa moto mdogo hadi maji yaishe na mafuta yaelee juu. Rojo hilo likitiwa kwenye chupa safi linapikiwa mchuzi siku kadhaa. Tuliwaomba wenzetu wa chumba cha pili waongeze hela, tukachukua nyingi kwa bei ya jumla, na jioni chupa zikagawanywa.

Mambo ya kuongeza hela ndiyo yaliyonifungua macho hasa siku tulipokwenda Feri. Mnada wa samaki wa pale ni wa alfajiri. Anayekwenda na elfu tano yake peke yake anaishia kununua kwa mchuuzi, ambaye ameshaweka faida. Wanawake wa nyumba ile, pamoja na wawili wa nyumba ya jirani, walichanga usiku, kila mmoja alichonacho, na fedha akapewa mama mmoja mwenye sauti. Tulikatiza Mnazi Mmoja kungali giza, tukapanda mwendokasi hadi Kivukoni. Dalali alikuwa amesimama juu ya meza ya zege akitaja bei kwa kasi ambayo sikuifuata. Mama yetu aliinua kidole mara mbili, akatikisa kichwa mara moja, na beseni la vibua likawa letu. Kurudi tulichangia bajaji, kwa sababu abiria wa mwendokasi hawana subira na harufu ya samaki.

Uani, bibi mwenye nyumba akayapanga mafungu kwenye jamvi kulingana na mchango wa kila mtu. Kanuni ya nyumba ile ni kwamba anayegawa huchagua mwisho. Sijawahi kuona mizani ya sokoni inayopima kwa haki kuliko kanuni hiyo. Vichwa havikugawanywa: vilichemshwa vyote pamoja na ndimu, pilipili mbuzi na nyanya chungu, na supu ikanywewa na kila aliyekuwa karibu, hata fundi bomba aliyekuja kwa shughuli zake.

Mchana wa siku hiyo nilipewa mbuzi nikune nazi. Sokoni siku hizi kuna mashine zinazokuna nazi kwa dakika moja, na kwa mwenye haraka ni neema. Nazi ya kukuna kwa mkono hutoka laini zaidi, na tui lake huja zito. Tui la kwanza likawekwa pembeni la kumalizia mchuzi, la pili likapikiwa wali, chicha wakapewa kuku wa bibi, na vifuu vikatupwa chini ya jiko kuongeza moto. Nilitafuta kilichobaki cha kutupa, sikukiona. Wali ulipokauka maji, shoga yangu alifunika sufuria kwa mfuniko wa bati, akachota makaa na kuyapanga juu yake, akaacha machache chini. Wali wa kupalia hivyo huiva taratibu pande zote, na chini hujiunda ukoko wa rangi ya dhahabu. Juu ya ukoko nyumba ile imegombana sana, hadi ikawekwa zamu. Siku hiyo zamu ilikuwa ya mtoto wa chumba cha nne. Nilimbembeleza kwa pipi. Akakataa.

Maharage, kwa upande mwingine, hayapikwi uani kabisa. Hili ndilo lililonishangaza, mimi mtu wa Morogoro ambaye kila nyumba kwetu ina chungu chake cha maharage. Maharage makavu hula moto wa saa nyingi, na mkaa wa Dar si mchezo. Kwa hiyo pale kona yupo mama mmoja mwenye sufuria kubwa, anayeanza kuchemsha kabla ya adhana ya alfajiri, na anauza kwa kikombe maharage yaliyoiva bila kuungwa. Unakwenda na bakuli lako, unalipia kikombe chako, unarudi kuunga kwa kitunguu, rojo la nyanya na tui. Moto mmoja umeivisha mboga ya mtaa mzima. Wataalamu wa nishati huandaa semina juu ya kupunguza matumizi ya mkaa mijini. Ningependa siku moja wamwite huyo mama awe mtoa mada, na wamlipe posho kama wanavyolipana wao.

Alasiri, jua likiegemea, kazi inahamia barazani. Shoga yangu anaweka cherehani yake nje, kijana wa bajaji anacheza drafti na wenzake kwa vizibo vya soda, na muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe, dele lake juu ya makaa na kashata kwenye sahani. Wateja wengi wa shoga yangu ni wa kupinda kanga. Wananunua doti kwenye maduka ya Mtaa wa Uhuru, wanakuja kukatiwa na kupindiwa, na wakati wanasubiri wanatoa habari zote za mjini. Vipande vinavyobaki kwenye kushona vitenge, ambavyo mafundi wengine huvitupa, yeye huvitia kwenye gunia chini ya kitanda. Siku hizo tulivimwaga vyote ukumbini tukavipanga kwa rangi. Tulishona vishikio vya sufuria, vifuko vya vifaa vya shule, na shuka moja la viraka ambalo nililibeba kuja nalo Morogoro, na sasa kila mgeni wangu anauliza limenunuliwa duka gani.

Bibi mwenye nyumba ana kanga za kiwanda cha Urafiki, kile kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Alituonyesha moja, imepauka hadi maandishi yake hayasomeki. Alianza kuivaa kwenye harusi, akaivaa misibani, ikashuka ikawa ya jikoni, ikabeba watoto mgongoni, ikabeba na wajukuu. Zenzake zilizozaliwa pamoja nayo zilishakuwa nepi, kisha tambara la kushikia sufuria, kisha dekio. Hii ameizuia hapo ilipofika. Aliikunja akairudisha sandukuni, akatuagiza tuendelee na kazi.

Jumapili ni siku ya mchezo. Wanawake kumi na wawili wa mitaa ile hutoa kiasi kilekile kila wiki, na mmoja wao hupokea chote kwa zamu. Shoga yangu alinunua cherehani yake hivyo. Mama wa maandazi alilipa ada ya sekondari hivyo. Hakuna karani, hakuna riba, na anayekwepa zamu yake hana pa kujificha kwa sababu kila asubuhi anachota maji bomba lilelile. Wasomi wetu huuzungumzia mchezo kama jambo la kina mama la pembeni. Wangekumbuka historia ya mji wao. Chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kilizaliwa hapohapo, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alipotafuta wanawake wa kujiunga, hakuanza kubisha mlango mmoja mmoja. Aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na desturi ya kuchangishana, kuvaa sare na kuzikana, na wanawake wakaingia kwa maelfu. Na mwalimu Julius Nyerere alipoacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955, alifikia nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, msimamizi wa Soko la Kariakoo wa wakati huo. Huwa nafikiria chakula cha siku zile. Kuna mtu alikipika, na kuna mtu aliongeza maji kwenye mchuzi kwa sababu wageni wamezidi.

Nisipambe mno. Uani kuna ugomvi, na mwingi ni wa umeme wa LUKU. Nani amepiga pasi nguo zote za wiki, nani ana friji na anachangia sawa na asiye nalo, nani umeme ukiisha huwa hayupo. Siri haipo: ukirudi saa tano usiku, saa moja asubuhi mtaa mzima una tafsiri yake. Na choo kimoja kwa vyumba sita, mtu wa chumba cha kwanza akiwa ndani na gazeti, ni mtihani wa imani. Binamu yake shoga yangu anakaa ghorofa ya nne mitaa mitatu tu kutoka hapo. Ana choo chake, jiko la gesi, friji na mlango unaofungika. Tulipomtembelea sikuona sababu ya kumwonea huruma, nilimwonea wivu. Ila nilipomsikiliza akihesabu matumizi, niliona kila kitu ananunua kidogokidogo na peke yake: nyanya nne, robo ya mafuta, maharage ya kopo. Hakuna wa kurithi moto wake wala wa kumrithisha.

Hata hivyo wameanza kujiokoa. Wanawake wa ghorofa lile wana kundi la WhatsApp, na mwisho wa mwezi huagiza gunia la mchele kwa pamoja na kuligawa koridoni. Binamu alitusimulia hilo kwa aibu kidogo, akidhani ni ushamba. Shoga yangu alimwambia, “Huo ndio uani, mdogo wangu. Mmeupandisha ngazi tu.”

Nyumba za vyumba sita zinaondoka Kariakoo moja baada ya nyingine, kwa kuwa ardhi ile ina thamani kubwa na ghorofa linaingiza kodi ambayo baraza haiwezi. Bibi mwenye nyumba amefuatwa mara kadhaa na watu wanaotaka kuvunja, wajenge, wamwachie fleti. Watoto wake wanataka. Yeye alikuwa anaanza kulegea, lakini tangu lile jengo la Kariakoo liporomoke tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu, hataki kusikia habari ya mkandarasi. Sidhani kama atashinda. Umri wake na bei ya kiwanja vinakwenda kinyume naye. Ninachowaomba wanaochora ramani za maghorofa hayo ni kitu kidogo: kila sakafu iachwe sehemu moja ya wazi, yenye bomba na hewa, isiyo ya mpangaji yeyote, watu waweke sufuria na vigoda. Gharama yake haifiki hata ya lifti ambayo nusu ya mwezi haifanyi kazi.

Kwa anayetaka kwenda, nenda siku ya kazi, asubuhi mapema, kabla jua na msongamano havijapanda. Beba kikapu cha ukili, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na ile mbadala inauzwa. Beba noti ndogondogo, weka simu ndani, na usipunguze bei ya kitu ambacho huna nia ya kukinunua. Kama huna mwenyeji, nenda kwa mama wa maharage, kona yoyote utakayomkuta, ukiwa na bakuli lako. Msalimie, nunua kikombe, rudi kesho na kesho kutwa kwake huyohuyo. Kufikia hapo atakuwa ameshakuuliza kwenu ni wapi, na atakuelekeza nazi nzuri zinauzwa na nani.